Jinsi ya kumpa sungura nafasi ya kukimbia na vitu vya kumchangamsha

Watu wengi wakishapata banda wanaona kazi imeisha, sungura anakaa humo mwezi baada ya mwezi anageukia palepale. Sungura ni mnyama wa mbio jamani! Ukimfungia muda mrefu misuli inalegea, mifupa inakosa nguvu, ananenepa vibaya, tumbo linagoma, afu anaanza kung'ata waya za banda usiku kucha. Banda lichukulie kama chumba cha kulala tu.

Nafasi inayofaa kwa sungura wawili ni kama mita 3 kwa 2, na kwenda juu mita 1, ili akisimama kwa miguu ya nyuma masikio yasigonge juu. Vizuri zaidi iungane na banda awe anatoka na kuingia anavyotaka. Kama haiwezekani basi mtoe kila siku, masaa matatu manne hivi, ila angalia na muda, maana sungura anachangamka alfajiri na jioni, mchana anasinzia, so ukimtoa saa saba mchana akajilaza tu usiseme mvivu.

Sasa sakafu, hapa ndo naona wengi wanakosea. Chini ya mguu wa sungura kuna manyoya tu, hana zile nyama laini za nyayoni kama za paka, kwa hiyo kwenye tailsi anateleza. Sungura wangu wa kwanza nilimfungulia nikakaa kumsubiri akimbie, akafika ukingoni mwa mkeka, akanyoosha mguu mmoja wa mbele, ukateleza, akaurudisha. Siku tatu ni hivyo hivyo, nikawa nadhani anaumwa. Nikatandika vipande vya zulia kuukuu kutoka bandani mpaka ukutani, jioni ile ile akatoka mbio akaruka juu akajipinda hewani, kichwa huku kiuno kule. Akiruka hivyo ujue ana furaha. Na sakafu ya waya mtupu usimwekee kabisa, inamtoa vidonda nyayoni.

Kabla hujamfungulia, waya za umeme zinyanyue juu au zipitishe ndani ya bomba, atazikata tu. Mimea ya mapambo itoe, mingine ina sumu. Kama ni nje, uzio uzame chini ya udongo kidogo maana atachimba atokee upande wa pili, kivuli kiwepo muda wote (sungura hatoki jasho, joto kali linamuua), na uwe karibu, kuna mbwa, paka na mwewe.

Vitu vya kuchezea havihitaji hela. Katoni kubwa toa gundi ya karatasi na pini zote, toboa milango miwili, miwili sio mmoja, maana kwenye shimo la mlango mmoja anajiona kanaswa na hataingia kwa raha. Beseni la udongo msafi weka achimbe, atachafua ndio, ila kuchimba kumo kwenye damu yake, bora achimbe hapo kuliko kwenye zulia lako. Chakula nacho usimmiminie chote kwenye bakuli akala akamaliza, chukua kile kigogo cha ndani cha toilet paper, jaza nyasi kavu, katikati ficha punje chache za pelleti (chakula cha sungura cha dukani cha vipunje), atahangaika nacho anakisukuma kwa pua mpaka akichane. Nyasi kavu ndo chakula chake kikuu hata hivyo, na meno yake hayaachi kukua, ya mbele yanaongezeka kama milimita 2 kwa wiki, lazima atafune. Vitu vibadilishe badilishe, ila maficho yake aliyoyazoea usiyahamishe.

Ukiniuliza kitu gani kinamchangamsha kuliko vyote, ni sungura mwenzake. Wawe wamehasiwa, na uwakutanishe taratibu sehemu ambayo hakuna anayeiona yake, la sivyo watararuana.

Muda wa kurudi ukifika usimkimbize na usimnyanyue kwa masikio. Akipiga teke kwa hofu anaweza kujivunja mgongo mwenyewe. Tikisa kopo la chakula kila anaporudi, wiki mbili tatu hivi akisikia lile kopo anakuja mwenyewe anaingia ndani.