Kuvuna maji ya mvua: anza na gata, tenki baadae

Ndugu zangu, huku Mbeya mvua zinaanza Novemba, zikikata mwezi wa 5 ndo basi tena, kwahiyo mambo ya kuvuna maji yamalize mwezi wa 10, usisubiri mpaka wingu likae mlima Loleza ndo unamtafuta fundi, utamkosa.

Wengi tunakimbilia tenki. Mimi nilinunua la lita 5000 halafu gata, ile mifereji ya kukinga maji ukingoni mwa bati, nikaweka za kubahatisha, zikabonyea katikati, mvua ikishuka maji yanamwagikia ukutani na tenki halifiki hata nusu, iliniuma sana. Vuta uzi wa fundi kwenye fashaboda, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kila mita 1 gata ishuke kama sentimita 1 kuelekea kwenye tenki.

Hesabu yake: mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 6 kwa 8, ikinyesha milimita 20 ni lita 960, toa yanayopotea unabaki na 800 hivi. Kwa mvua moja tu.

Sasa hapa ndo naomba mnisikilize, maji ya kwanza yasiingie kwenye tenki. Kiangazi chote bati linakula vumbi, majivu ya mashamba yanayochomwa, mavi ya ndege, mpaka mjusi amefia kwenye gata. Kinga ya mwanzo kwenye ndoo nyeupe uone, yana rangi ya chai kavu na chini yanaacha tope laini jeusi. Fundi akuwekee kiungio cha T kabla ya tenki, chini yake ishuke paipu ya inchi 4, urefu mita 3, mwisho ina kifuniko cha kufungua. Inabeba kama lita 24, ikijaa ndo maji masafi yanapita kwenda kwenye tenki. Mvua ikiisha fungua umwage, ukisahau, mvua inayofuata uchafu unaingia ndani. Hela ya paipu kama hakuna, chomoa bomba la kuingilia, acha inyeshe dakika 10 hivi ndo urudishie.

Lita 5000 ni tani 5 jamani, mbao hazibebi, jenga kitako cha tofali na zege. Tenki lisipitishe mwanga, mwanga ndo unaleta ule ukijani, na pa kuingilia na kutokea maji funga wavu wa mbu. Koki ikae sentimita 10 juu ya sakafu ya tenki ili tope libaki chini.

Ukitumia ndoo 2 kwa siku, za kunywa na kupika tu, lita 5000 zinakutoa Juni mosi mpaka Oktoba inaanza, na hapo likiwa tupu ndo unalisugua. Ya kufulia kinga kwenye majaba.

Ya kunywa chemsha. Walio juu milimani kama Makete yaache yatokote dakika 3 nzima, maana huko maji yanatokota kabla hayajafikia moto wa yale ya Dar.