Boti kuukuu ya ski ikigoma: ufuate umeme kabla ya kununua spea

Kijana mmoja kule Mtwapa, mwenye boti ya kuwavuta watu wanaoteleza juu ya maji (ski), alinipigia simu: "Ami, boti imekufa tena, na betri ni mpya." Alikuwa ameshanunua betri, akanunua na stata, na sasa alikuwa njiani kwenda kutafuta swichi ya ufunguo. Ubovu ulikuwa kwenye boliti moja ya waya wa hasi, nyuma ya injini. Niliyomweleza siku ile ndiyo haya, maana boti nyingi za ski za hapa kwetu ni za aina moja: injini ya V8 (silinda nane) ya petroli iliyokaa ndani, ya miaka ya 1980 au 1990, iliyoundwa Marekani kwa maziwa ya maji matamu, kisha ikaletwa kwenye chumvi yetu.

Vifaa: mita ya volti ya bei ndogo inatosha. Pamoja nayo, tengeneza taa ya majaribio kwa balbu ya gari ya wati 21 na nyaya mbili ndefu. Mimi naiamini balbu hiyo kuliko mita, na sababu utaiona hatua ya 4.

Hatua ya 1: Toa mvuke wa petroli

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unashuka, unatulia ngamani (chini kabisa ndani ya boti, panapokusanyika maji), na cheche moja ya waya inatosha kuichoma boti pamoja na wewe. Fungua kifuniko cha injini, nusa, washa feni ya kutolea mvuke dakika 4, kisha nusa tena. Kama feni ndiyo mbovu, acha wazi upepo upite, usiguse waya wowote mpaka harufu iishe. Ukifungua nyaya za betri anza na hasi. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Na tukiwa hapo hapo: usifunge stata, alteneta (inayochaji betri) wala distribyuta (inayogawa cheche) ya gari kwenye boti ya petroli. Fundi wa gari atakuapia kuwa ni kitu kile kile, na kweli umbo ni lile lile na boliti zinaingia. Lakini ya boti imezibwa ili cheche za ndani zisiwashe mvuke wa nje. Tafuta iliyoandikwa SAE J1171, yaani kiwango cha vifaa vya boti vilivyozibwa hivyo. Ni ghali, najua.

Hatua ya 2: Betri

Ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa bila chaji. Volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 haina kitu. Kisha mtu azungushe ufunguo wewe ukiangalia mita kwenye vichwa vya betri. Ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka au stata imekwama. Ikibaki 11 na huku stata inajikongoja, betri haina kosa: umeme upo ila haufiki.

Hatua ya 3: Sikiliza

Ukizungusha ufunguo usisikie kitu, tatizo liko kwenye nyaya nyembamba. Kabla ya yote, tikisa mkono wa gia. Pana swichi ndogo inayozuia injini isiwake ikiwa kwenye gia, na ikilegea hukata kila kitu. Halafu tafuta kitufe cha breka (kikata umeme) ya ampea 50 juu ya injini, ukibonyeze. Wengi wana boti mwaka wa tano na hawajui kama kipo.

Ukisikia "ta!" moja au "ta-ta-ta" stata isizunguke, tatizo ni nyaya nene. Ruka uende hatua ya 4.

Rangi zitakusaidia, kama wenye boti waliotangulia hawakuchanganya: nyekundu inatoka betri, zambarau ni ya ufunguo ukiwa umewashwa, njano yenye mstari mwekundu ni ya kuzungusha stata, nyeusi ni hasi, kijivu ni mita ya mizunguko, samawati ni oili, kaki ni joto, waridi ni tangi la mafuta, kahawia ni pampu ya ngama. Ukikutana na waya wa nyumba, ule wa shaba moja ngumu, jua pana mtu alipita kabla yako. Utoe. Mtetemo wa injini huuvunja ndani kwa ndani huku ngozi ya nje ikiwa nzima.

Hatua ya 4: Pima volti zinazopotea njiani

Hatua hii ndiyo inayokula siku za watu, kwa hivyo nitaikalia.

Kosa la kawaida ni kupima waya usio na kazi. Unaweka mita upande wa pili, unaona 12.6, unasema waya mzuri. Lakini mita hainywi umeme karibu wowote. Waya uliooza ukabakia na uzi mmoja wa shaba utaonyesha 12.6 vile vile. Ni sawa na feri ya Likoni kule Mombasa: usiku wa manane lango moja tu likiwa wazi unapita bila kusimama, lakini saa moja asubuhi lango hilo hilo ndilo linalokuchelewesha kazini. Ndiyo maana napenda balbu, kwa sababu yenyewe inakunywa karibu ampea 2 na waya mbovu huiumbua palepale kwa mwanga hafifu.

Kwa stata, hata balbu haitoshi. Stata ya V8 huvuta ampea 150 na kuendelea. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.01, ambao mita yako haitauona kabisa ukipima omu, kitapoteza volti 1.5 kwa ampea hizo. Kwa hiyo pima wakati stata inafanya kazi, namna hii:

Kwanza izuie injini isiwake. Chomoa waya wa zambarau pale kwenye koili (inayotengeneza umeme wa cheche), ufunge kitambaa. Usichomoe ule waya mnene wa katikati wa distribyuta ukauacha unaning'inia, maana utarusha cheche juu ya ngama, na hatua ya 1 tumeshaisoma.

Weka mita kwenye volti 20 za DC. Ncha moja iguse kichwa cha betri cha hasi. Nasema kichwa chenyewe, ile risasi, si kibanio kilichokishika. Ncha ya pili iguse chuma cha injini mahali palipokwanguliwa rangi. Mtu azungushe ufunguo sekunde 3 au 4. Ukiona chini ya 0.2, upande wa hasi ni mzima. Ukiona 0.5, kuna ugonjwa. Ukiona 2 au 3, usiende dukani, ubovu umeshaupata.

Sasa sogeza ncha kidogo kidogo: kichwa hadi kibanio, kibanio hadi waya, waya hadi jicho lake (kile kipete cha mwisho kinachopita boliti) upande wa injini, jicho hadi chuma. Palipo na namba kubwa ndipo pa kufungua. Mara nyingi utakuta jicho limebanwa juu ya rangi au kutu, au waya umeingiwa na chumvi chini ya plastiki ukawa mweusi. Usiridhike na sehemu ya nje kung'aa. Kwangua plastiki inchi moja uangalie. Ukiwa mweusi hadi hapo, ubadilishe waya mzima, usiukate ukaunga.

Rudia upande wa chanya: kichwa cha betri cha chanya hadi boliti kubwa ya stata. Hapa jumla isizidi 0.5. Kama pana swichi kubwa ya kukata betri, ipime peke yake, mguu hadi mguu. Nazidharau zile swichi nyepesi za plastiki zenye ufunguo mwekundu.

Nyaya nyembamba zifanyie vivyo hivyo, ila mzigo, yaani kinachokula umeme, uwe feni na taa zote. Betri hadi nyuma ya dashibodi, chanya kisha hasi. Katikati utakutana na plagi kubwa ya duara kati ya injini na dashibodi, yenye pini 8 au 10 kulingana na umri wa boti. Injini inayozima yenyewe ukipiga wimbi halafu ikawaka baada ya dakika, iangalie hapo kabla ya kulaumu kabureta. Ichomoe ikiwa betri imefunguliwa. Pini zenye kijani zisugue kwa brashi na maji ya ndimu, suuza kwa maji matamu, kausha kabisa kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inafaa, paka grisi ya umeme kidogo, rudisha na ukaze kibanio chake. Pini iliyoungua ikawa ya kahawia haitengenezeki, na kibaya zaidi ni ile iliyolegea bila kuungua, kwa sababu kwa macho ni safi. Washa injini, ishike plagi, itikise. Injini ikikohoa, umepata jibu.

Hatua ya 5: Inazunguka lakini haiwaki

Rudisha zambarau kwenye koili, washa ufunguo, pima. Kama distribyuta ni ya platini (ya zamani, yenye ncha zinazofunguka na kufunga), usishtuke ukiona volti kama 9 badala ya 12: pana waya wa ukinzani uliowekwa makusudi ili koili isiungue. Ukiona sifuri, rudi kwenye plagi.

Hatua ya 6: Chaji

Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, betri ionyeshe 13.8 hadi 14.4. Isipofika, pima nyuma ya alteneta. Kama pale kuna 14.4 na betrini 13, ni waya. Boti za zamani zenye mita ya ampea kwenye dashibodi hupitisha chaji yote hadi mbele na kuirudisha. Mimi huing'oa mita hiyo bila huruma, naunganisha nyaya zake mbili kwa boliti na kuziziba vizuri, naweka mita ya volti mahali pake.

Hatua ya 7: Mita za dashibodi

Zikicheza zote pamoja, ni hasi ya dashibodi. Ikiwa moja tu, chomoa waya wake kwenye injini, uguse chuma. Kwa mita za Kimarekani za joto na oili, mshale ukiruka hadi mwisho, mita na waya ni vizima, badilisha sensa (kile kipimaji kilichofungwa kwenye injini). Ya oili ya Ulaya haifuati desturi hiyo.

Hatua ya 8: Kuunga upya

Tumia waya wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, viungo vya kubana kwa koleo lake hasa, na mpira wa kusinyaa kwa moto wenye gundi ndani. Risasi ya kuchomelea siitaki kwenye boti: huufanya waya mgumu pale inapoishia, na mtetemo huukata hapo. Utepe mweusi nao hufuga chumvi.

Pampu ya ngama ipe waya wake moja kwa moja kutoka betri, kabla ya swichi kubwa, ili ifue maji hata boti ikiwa imelala nangani. Viungo vyake vipandishe juu ya pale maji yanapofika ngama ikijaa. Kiungo chenye umeme kikikaa ndani ya maji ya chumvi huoza upesi. Fyuzi yake iwe ya ampea zilizoandikwa kwenye pampu yenyewe, na uiweke karibu na betri.