Somo: Kuuza briketi Bukavu, kuanzia kwa mnunuzi hadi kwenye mzani

Wandugu, wengi mmeniomba nieleze jinsi tunavyotengeneza briketi, yaani vipande vya makala (makaa) vilivyogandishwa kutoka vumbi na mabaki, hapa Kadutu, mtaa wa Bukavu, na kuzifikisha kwa mteja kila juma. Naandika hatua kwa hatua. Nitakaa zaidi kwenye chanzo cha mali na kwenye kukausha, maana hapo ndipo niliumia mimi mwenyewe.

Hatua ya 1: Mtafute mnunuzi kabla ya mashine

Tafuta mtu anayewasha moto kila siku: mgahawa, shule yenye internati (bweni), mpika sabuni, mfugaji wa vifaranga. Muulize anamaliza magunia mangapi kwa juma na makala yanamsumbua wapi. Mfugaji wa vifaranga anataka joto la polepole litakalofika asubuhi. Mama anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, anataka moto unaopanda upesi. Briketi iliyokazwa sana huchelewa kushika moto lakini hukaa muda mrefu, kwa hiyo itampendeza wa kwanza na kumchosha wa pili. Ukijua hilo mapema hutanunua mashine isiyokufaa.

Hatua ya 2: Chagua mali ghafi na uandike ilikotoka

Hapa kwetu tuna vumbi la makala kwenye madepo, maranda na vumbi la mbao kwa maseremala, maganda ya kahawa kwenye mashine za kukoboa, na maganda ya mpunga kutoka uwanda wa Ruzizi. Ya mpunga ni mengi, lakini yana hila: karibu sehemu moja kati ya tano ya uzito wake ni jivu, na ukishayachoma kuwa makala sehemu hiyo inapanda zaidi. Yachanganye na maranda yaliyochomwa, au mbabula (jiko la makala) ya mteja itajaa jivu kabla chungu hakijachemka.

Sasa vumbi la makala. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, ikaingia katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Makala yaliyochomwa ndani yake yakiacha vumbi kwenye depo, vumbi hilo bado ni mti wa mbuga. Mimi silinunui, hata likiwa la bei ndogo kuliko yote. Nina daftari: tarehe, kilo, jina la seremala au depo, mti gani, ulikatwa wapi. Mnunuzi mkubwa anayetaka nishati isiyomaliza msitu atauliza swali hilo siku ya kwanza, na jibu la mdomo halimtoshi.

Hatua ya 3: Choma kwa hewa kidogo

Tumia pipa la chuma lenye matundu chini na kifuniko juu. Vumbi la mbao peke yake hukaba hewa, basi changanya na maranda au vipande. Mwanzoni moshi ni mweupe na mzito, ni maji yanayotoka. Ukiwa mwembamba na wa samawati, ziba matundu kwa udongo. Mali iliyokuwa kavu hukuachia kama robo ya uzito wake. Iache saa 24 kabla ya kuitia guniani, kwani makala yaliyotoka kuchomwa huweza kujiwasha yenyewe.

Hatua ya 4: Gandisha na ukamue

Saga, chekecha, kisha kwa kilo 100 za unga wa makala pika uji wa kilo 5 hadi 8 za unga wa mihogo, uchanganye nao. Wengine huongeza udongo ili uzito upande. Udongo hauwaki. Ukiutia kidogo kusudi moto utulie, mwambie mteja. Kukamua, yaani kuushindilia mchanganyiko uwe briketi, ni kazi ya mkono au ya mashine, na mtajifunza kwa siku moja.

Hatua ya 5: Kausha, kausha tena

Mzigo wangu wa kwanza mkubwa ulirudishwa wote. Kwa nje briketi zilikuwa ngumu, nikaridhika. Ndani zilikuwa mbichi, zikatoa moshi mpaka wapishi wakatoka jikoni. Nilibeba magunia yale nyumbani nikiwa na aibu kubwa.

Bukavu mvua inatunyesha tangu Septemba hadi Mei, kwa hiyo usitegemee jua la uwanjani. Jenga vitanda vya matete, kimoja juu ya kingine, hewa ipite chini, na paa la shitingi (plastiki) inayopitisha mwanga. Geuza kila siku. Usianike kwenye joto kali siku ya kwanza: ganda la nje linafunga na maji yanabaki moyoni.

Ili kujua kama zimekauka, vunja moja katikati. Rangi iwe moja kutoka nje hadi ndani. Kisha pima kilo 1 na uiache usiku kucha ndani ya tanuri la mwoka mikate baada ya kazi yake. Ikirudi gramu 920, maji yalikuwa asilimia 8, unaweza kuuza. Ikirudi gramu 850, rudisha zote kitandani.

Hatua ya 6: Uza kwa kilo

Pima mbele ya mteja. Kabla ya mkataba, chemsha kwake chungu kilekile, kwanza kwa makala yake, kesho yake kwa briketi zako, na muandike pamoja kilo na dakika.

Maswali ya wanachama

*Dada wa Bagira: Yaya, mihogo ni bugali (ugali) yetu. Tuichome?*
Hapana, dada. Nunua unga uliooza au uliofagiwa sokoni. Karatasi zilizolowekwa na kupondwa nazo hushika vizuri.

*Ndugu wa Uvira: Maganda ya mpunga naweza kuyauza bila kuyachoma?*
Ndiyo, kwa wachoma matofali, wanayamwaga moja kwa moja kwenye tanuri. Ukitaka kuyakandamiza yakiwa mabichi unahitaji mashine ya parafujo yenye umeme wa kutosha, na maganda hayo yanakula chuma chake haraka.

*Muzee wa Kabare: Nina shamba la mikaratusi. Kiwanda cha chai kinataka kuni.*
Muzee wangu, kata kisiki chini na kwa mshazari, kitachipua. Baadaye acha machipukizi 2 au 3 tu. Kuni mbichi karibu nusu yake ni maji, basi pasua na uzirundike chini ya paa kabla ya kuuza. Na usipande karibu na chemchemi.

*Kijana wa Ibanda: Je, tunaweza kuuza Ulaya?*
Kule soko kubwa ni la vidonge vya mbao (pellets), vumbi la mbao lililokandamizwa. Kipimo chao cha ubora, ENplus A1, kinataka maji yasizidi asilimia 10 na jivu lisizidi asilimia 0.7. Briketi zetu jivu lake ni kubwa mno, na njia ni ndefu. Wateja wako wako Kadutu.

*Mama wa Panzi: Niliwasha kwenye banda la vifaranga, kijana wangu akaamka na kichwa kikali.*
Mama, hiyo ni hewa ya sumu ya makala, haina harufu na inaua. Washa mbabula nje mpaka iwe nyekundu yote, fungua matundu juu na chini ya ukuta, na kuanzia leo asilale humo.