Vitufe viwili kwanza
Kwenye gemu za kompyuta za kasi za kuongoza majeshi, kama StarCraft II, anayebofya kila kitu kwa kipanya huachwa nyuma. Vitufe vya kibodi ndivyo njia ya mkato. Ila usikariri vyote siku moja, utavichanganya tu. Anza na Ctrl na 1: chagua jeshi lako, shika Ctrl, bonyeza 1, tayari ni kundi. Baadaye 1 peke yake inalichagua tena kundi hilo. Ukiigonga mara mbili haraka, kamera inaruka hadi lilipo. Fanyia mazoezi dhidi ya kompyuta mpaka kidole kiende chenyewe bila kuangalia kibodi. Siku za mwanzo utapigwa kuliko kawaida, vumilia. Na kitufe kikiwa mbali na mkono wa kushoto, kihamishe kwenye mipangilio.