Somo: Kuweka lifti katika nyumba ya familia, kuanzia mchoro hadi mifuko ya saruji

Wateja wengi hunijia wakiwa wamekwisha kuchagua rangi ya kabini na aina ya taa, ilhali mnara ambamo lifti hiyo itapita haujachorwa, au mbaya zaidi, umekwisha kujengwa kwa kukisia. Somo hili linafuata mpangilio wa kazi kama tunavyoifanya Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo nitakaa zaidi kwenye mnara kuliko kwenye urembo.

Hatua ya kwanza: nani atapanda?
Kama lifti ni ya mama mzee ambaye leo anatembea kwa mkongojo, ichoreni kwa ajili ya siku atakayohitaji kiti cha magurudumu na mtu wa kukisukuma. Kwa watu wawili hao, kabini yenye upana wa milimita 1,100 na kina cha milimita 1,400 ndiyo ninayoiona kuwa ya chini kabisa, na mlango uache uwazi usiopungua milimita 800. Mbele ya mlango, katika kila ghorofa, achieni nafasi ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu ili kiti kiweze kugeuka. Vitufe viwekwe kati ya milimita 900 na 1,200 kutoka sakafuni, ili aliyeketi avifikie.

Hatua ya pili: aina ya mashine.
Lifti ya kamba za chuma, yenye uzito wa kusawazisha kabini, hutumia umeme kidogo na hukimbia, lakini ile ya kawaida hudai shimo la chini lenye kina cha zaidi ya mita moja pamoja na nafasi kubwa juu ya ghorofa ya mwisho. Lifti ya haidroliki husukumwa na mafuta, na umeme ukikatika inaweza kushushwa taratibu kwa kufungua vali tu. Lifti ya skrubu, ambayo hupanda kwa kufuata skrubu ndefu iliyosimama mnarani, huhitaji shimo la sentimita chache na huenda polepole: nyingi za aina hiyo hazizidi sentimita 15 kwa sekunde, maana yake ghorofa yenye kimo cha mita 3.2 huchukua sekunde 21 hivi. Kwa nyumba ya ghorofa moja au mbili mwendo huo unatosha kabisa, ingawa vijana wa nyumbani watalalamika.

Hatua ya tatu: mnara na shimo.
Msijenge mnara kabla ya kupata mchoro wa mtengenezaji wa lifti mliyoichagua, kwa kuwa kila mmoja ana vipimo vyake, na vipimo hivyo ni vya ndani baada ya lipu. Niliwahi kuitwa katika nyumba ambayo kabini ilikuwa tayari imo melini. Tulishusha timazi, yaani uzi wenye uzito wa kupimia wima, kutoka slabu ya juu. Chini likawa limeacha ukuta kwa milimita 20, na usawa wa ghorofa ya kwanza likagusa zege. Fundi alikuwa amefuata ukingo wa kila slabu badala ya kufuata uzi mmoja, na bimu ilikuwa imeingia ndani kwa sentimita mbili nzima. Bimu haichongwi. Ilibidi mwenye nyumba aagize mabano mengine ya kushikia reli zinazoiongoza kabini na kukubali kabini nyembamba zaidi, kwa gharama yake. Tangu siku hiyo nashusha timazi katika pembe zote nne kila ghorofa inapomwagwa zege, wala sisubiri paa.

Jambo la pili ni mahali pa kufungia reli. Tofali zenye matundu hazishiki bolti zinazobeba mtikisiko wa kila siku, kwa hiyo ukuta wa tofali lazima ufungwe kwa mikanda ya zege yenye nondo, katika umbali uliotajwa kwenye mchoro. Jambo la tatu ni maji. Maeneo kama Mikocheni na Msasani maji ya ardhini yako karibu sana, na shimo lisilozibwa vizuri hugeuka kisima wakati wa masika. Sakafu na kuta za shimo zimwagwe kwa zege lenye dawa ya kuzuia maji, kisha shimo lijazwe maji na kuachwa siku kadhaa kabla ya kufunga chochote: lifanye kazi kama tangi, ndipo mtakapojua kama linavuja.

Hatua ya nne: umeme.
Mashine ndogo nyingi hutumia umeme wa njia moja (fezi moja) wa volti 230, nyingine hudai njia tatu. Ulizeni kabla ya kupeleka maombi TANESCO. Lifti iwe na laini yake kutoka kwenye bodi kuu, swichi yake, waya wa ardhi, na betri ya kuifikisha kwenye ghorofa iliyo karibu umeme unapokatika.

Hatua ya tano: milango.
Hapa ndipo watoto walipofia katika nchi nyingine. Nchini Marekani, lifti nyingi za nyumbani zilikuwa na nafasi pana kati ya mlango wa ukutani na mlango wa kabini. Mtoto aliingia katikati, mlango ukafungwa nyuma yake, lifti ikaondoka. Toleo la mwaka 2016 la kanuni zao za usalama lilibana nafasi hiyo hadi mpira wa inchi nne, yaani milimita 102, usiweze kupita. Kagueni yenu kwa namna hiyo hiyo, na hakikisheni kwamba mlango wa ukutani haufunguki kabini isipokuwapo.

Hatua ya sita: majaribio.
Kwa lifti ya kilo 400, pakieni mifuko minane ya saruji ya kilo 50. Lazima ipande na kusimama sawasawa na sakafu. Ongezeni miwili: sasa inapaswa kugoma na kupiga kengele. Baada ya hapo fundi huondoa kwa muda kinga ya uzito ili kupima breki kwa mzigo huo wa kilo 500, na wakati huo asiwepo mtu ndani.

Maswali ya wanachama

*Mhandisi, shikamoo. Nyumba yetu imekwisha kukamilika. Je, tunaweza kukata slabu?*
Marahaba. Inawezekana, lakini baada ya mhandisi wa majengo kuona michoro ya nondo na kubuni bimu za kuzunguka tundu. Mara nyingi mnara wa nje wenye msingi wake hugharimu usumbufu mdogo zaidi. Kama mnara huo ni wa kioo, kioo kisitazame magharibi. Saa kumi jioni kabini huwa tanuri.

*Kaka, jenereta yangu ni ndogo. Je, itaendesha lifti?*
Usitazame kilowati za mota peke yake. Mota inayowashwa moja kwa moja inapoanza hudai mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida. Mtengenezaji akupe kipimo hicho kwa maandishi. Kama jenereta haitoshi, betri itamtoa mtu salama, na hilo ndilo la lazima.

*Tunaishi karibu na bahari, na jirani yangu hupaka reli grisi kila mwezi ili zisishike kutu. Je, ni sahihi?*
Mwambie aache. Breki ya dharura hukamata reli zenyewe, na grisi isiyotakiwa hupunguza mkamato huo. Zipo reli zinazohitaji mafuta mepesi na zipo zinazotakiwa kubaki kavu. Kitabu cha mashine husema. Chumvi hushambulia kwanza bolti za mabano na viunganishi vya umeme vilivyo shimoni, basi ashuke na fundi kila baada ya miezi mitatu, swichi ikiwa imezimwa na kufungwa kwa kufuli, na tochi imulike huko.