Kukodi gari kutoka mlangoni kwako Mwanza hadi mlangoni Kisumu kupitia Sirari, hatua kwa hatua

Wakuu, mimi ni dereva wa spesho za mbali, yaani gari za kukodi, na swali ninaloulizwa kuliko yote kwenye simu ni "Kisumu bei gani?" Mtu akishatajiwa bei anaaga. Swali linalotakiwa kutangulia hapo ni hili: gari inavuka mpaka na wewe, au inakuacha Sirari, upande wetu wa mpaka? Naandika kwa sababu shida nyingi za pale mpakani sio za abiria, ni za makaratasi ya gari. Abiria na pasi yake anamaliza mapema tu, alafu anakaa kusubiri gari iliyokwama forodha, na kama ndani kuna mama mzee anapelekwa kwa wanawe au mgonjwa anayewahi daktari, hapo ndo utaona umuhimu wa kuuliza mapema.

Hatua ya 1: amua, gari moja au gari mbili

Kuna namna mbili. Ya kwanza gari ileile inakuchukua Nyakato, Ilemela, Buhongwa au popote unapokaa, inavuka na wewe mpaka geti la nyumba unayoenda Kisumu. Ya pili gari ya Tanzania inakufikisha Sirari, unavuka kwa miguu, upande wa Isebania unakuta gari ya Kenya inakusubiri. Hii ya pili ni nafuu na haina habari za kibali cha gari, kwa kijana mwenye begi moja mimi mwenyewe namshauri achukue hiyo. Ila kama una mgonjwa, mtu mzima asiyeweza kusimama mda mrefu, watoto wadogo au mizigo ya harusi, lipia gari moja moja kwa moja. Kikubwa ni kwamba yule unayemlipa akuandikie kwenye meseji ni ipi kati ya hizo mbili, maana wapo wanaosema "mlango kwa mlango" alafu mkifika Sirari unaambiwa shuka, kuna mwenzangu upande wa pili.

Hatua ya 2: karatasi zako wewe abiria

Mtanzania anavuka kwa pasipoti au hati ya dharura ya safari inayotolewa na Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA peke yake usikitegemee, najua mtasikia Mkenya na Mganda wanavuka kwa vitambulisho, hayo ni makubaliano ya nchi zao na Rwanda, sisi bado ni hati ya kusafiria. Visa huhitaji, raia wa Afrika Mashariki anaingia Kenya bure. Watoto nao kila mmoja na hati yake, na kama mtoto anasafiri na mzazi mmoja au na shangazi, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi aliyebaki.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau, hasa kwa ajili ya kurudi. Kenya ipo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa hiyo kwa hiyo ukiingia Tanzania kutokea huko unaweza kuulizwa. Chanjo inatakiwa iwe imepita siku 10 tangu uchomwe ndo inahesabika, na kwa taratibu za WHO tangu 2016 cheti kinadumu maisha yote, kwa hiyo ukiwa na cha zamani usidanganywe kwamba kimeisha mda.

Ukiwa na mgeni wa mbali, tuseme mzungu mliyekuja naye, yeye aangalie mambo yake mapema. Kenya tangu Januari 2024 wana mfumo wa eTA, yaani kibali cha kusafiri kinachojazwa mtandaoni kabla ya safari, sio pale dirishani. Na ile visa ya pamoja ya watalii wa Afrika Mashariki ni ya Kenya, Uganda na Rwanda tu, Tanzania haimo, nimeshabeba watu wanaoamini itawarudisha Mwanza.

Hatua ya 3: kagua makaratasi ya gari kabla hujatoa hata shilingi

Hapa msiwe na haraka. Mwombe dereva akutumie picha wasapu za vitu hivi, na dereva anayejua kazi hatakasirika, anavyo kwenye simu tayari.

Anza na pleti namba. Gari ya biashara Tanzania ina pleti nyeupe, gari binafsi ina pleti ya njano. Ukiona ya njano ujue hiyo gari haijasajiliwa kubeba abiria wa kulipa, na mkisimamishwa mtaanza kufundishana kudanganya kwamba ni mjomba wako. Gari ya biashara iwe pia na leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) ambayo haijaisha mda, na leseni ya dereva iwe na daraja la familia ya C, hilo ndo la kubeba abiria, D peke yake ni ya gari binafsi.

Kinachofuata ni kadi ya gari, na jina lililopo kwenye kadi. Kama jina sio la dereva, na mara nyingi sio lake maana gari nyingi za spesho ni za bosi, lazima kuwe na barua ya mwenye gari inayomruhusu dereva fulani kutoka na gari hiyo nje ya nchi, imegongwa mhuri wa wakili. Nimesimama nyuma ya mwenzetu mmoja pale forodha, afisa ameshika barua mkono mmoja, mkono wa pili simu imewashwa tochi, kainama anasoma namba ya chesisi kwenye bodi ya gari, herufi moja baada ya nyingine, na kwenye barua tarakimu mbili zilikuwa zimepishana. Gari haikuvuka. Abiria wake walitafuta usafiri mwingine jua likiwa limeshakuwa kali. Kwa hiyo wewe abiria kaa na picha ya kadi na picha ya barua, linganisha chesisi mwenyewe, ni kazi ya dakika mbili ukiwa umekaa kwenye kochi lako.

Na kama gari ina mkopo, kadi orijino inakuwa benki, muulize dereva ana nini cha kuonyesha badala yake, sio mkafikirie pale dirishani.

Alafu bima. Bima ndogo au bima kubwa ya hapa nyumbani peke yake haikusaidii gari ikigonga mtu Migori. Inatakiwa COMESA, wengi tunaiita kadi ya njano ya gari (msiichanganye na ile ya chanjo), inatolewa na kampuni ya bima ya hapahapa na inalipia madhara utakayomfanyia mtu mwingine kwenye nchi unayoenda. Angalia Kenya imo kwenye nchi zilizoorodheshwa na tarehe zinafunika mpaka siku ya kurudi. Bima ya kawaida unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) kwa namba ya gari.

Hatua ya 4: bei, na bei ina nini ndani

Siwezi kuwapa bei moja maana inategemea gari na mafuta ya wiki hiyo. Ila jueni unalipia mafuta ya kwenda na ya kurudi, hata kama unaenda tu, kwa sababu gari ya Tanzania haitakiwi kukaa Kenya ikipiga tripu za ndani, inarudi tupu. Ulizeni kwa majina: je, COMESA imo, kibali cha gari upande wa Kenya kimo, paking, chakula na kulala kwa dereva, kusubiri kama mna siku mbili tatu kule? Mtu akikwambia "yote imo" mwambie ayaandike moja moja. Malipo mimi napendekeza nusu kabla ya kuondoka, nusu ukishashusha begi mlangoni, na dereva akitaka yote mwanzoni mtafute mwingine.

Hatua ya 5: mizigo

Mifuko ya plastiki acheni nyumbani, Kenya wamepiga marufuku tangu 2017 na sisi tangu 2019, ile rambo ya kufungia viatu inaweza kukuletea maneno. Kitoweo cha kupeleka kwa ndugu, sato wakavu kidogo na dagaa wa kula nyumbani, fungeni vizuri visinuke na msifiche, mkiulizwa semeni. Mkibeba kwa kiasi cha biashara hapo ni habari nyingine, samaki wana vibali vyao na mtavitafuta Mwanza kabla ya safari. Bidhaa nyingine zinazozalishwa Afrika Mashariki, kama thamani haizidi dola 2,000, kuna utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, mnapata cheti cha uasilia palepale mpakani. Pesa taslimu kuanzia dola 10,000 au thamani yake lazima itangazwe forodha.

Hatua ya 6: ondoka alfajiri

Mwanza mpaka Sirari ni karibu kilomita 300, lami yote: Kisesa, Nyanguge, Magu, Lamadi, Bunda, unaacha njia ya Musoma mjini, unavuka mto Mara pale daraja la Kirumi, Tarime, Sirari. Mimi napenda kutoka saa kumi na moja alfajiri, saa nne au tano niko mpakani, watu hawajajaa na Kisumu naingia mchana. Msimwambie dereva akimbize. Kila kijiji pale mwendo ni 50 na tochi za trafiki za kupima spidi zipo, faini elfu 30, na mbali na faini kuna mifugo na watoto wa shule. Pale Lamadi mpo jirani kabisa na hifadhi ya Serengeti, wanyama wanaweza kukatiza, ndo maana usiku sipapendi.

Jazeni tanki na mle kabla ya Sirari, mkishafika akili iwe kwenye karatasi tu.

Hatua ya 7: pale mpakani

Sirari na Isebania ni kituo cha pamoja, maana yake mkienda Kenya hamshuki upande wa Tanzania, mnapitiliza mpaka jengo la upande wa Kenya na humo ndani mnakuta maafisa wa nchi zote mbili. Watu wengi hapa ndo wanakosea. Wanaona jengo moja, wanadhani dirisha ni moja, wanagongewa mhuri wa kuingia Kenya wakati wa kutoka Tanzania hawajagonga, au kinyume chake. Anza na dirisha la Tanzania la kutoka, maliza, hamia la Kenya la kuingia. Ukirudishiwa pasi yako usiifunge wala usiondoke dirishani. Fungua ule ukurasa, tafuta mihuri miwili, soma tarehe ya kila mmoja, soma na siku ulizoandikiwa kukaa. Kama kuna kosa afisa yuko mbele yako na atarekebisha, ukija kugundua siku ya kurudi itakuwa ni kujieleza.

Mgonjwa asiyeweza kushuka msimvute. Ndugu mmoja atangulie na hati yake, asalimie vizuri, "Shikamoo afande, nina mama yangu yuko kwenye gari hawezi kusimama," nimeona maafisa wakitoka wenyewe kuja mpaka dirisha la gari kumwangalia na kufananisha picha. Karatasi ya rufaa ya hospitali iwe juu, sio chini ya begi.

Wakati nyie mko uhamiaji dereva yuko forodha anasajili gari kutoka na kuchukua kibali cha mda cha gari kuingia Kenya. Hapo ndo vishoka, mawakala wa uongo, wanakuja, na vitambulisho shingoni, "leta pasi nikusaidie." Pasi yako haiendi mkononi kwa mtu asiyekaa nyuma ya dirisha. Malipo yoyote ya kiserikali yana risiti, dai risiti. Na wale wa kubadilisha hela, piga hesabu kwenye simu yako kabla hujatoa noti, hesabu zao mkononi mwako mpaka mwisho ndo utoe zako. Wenye M-Pesa ya Vodacom mnaweza kutuma kwenda M-Pesa ya Kenya moja kwa moja, mimi naona ni salama kuliko kubeba bunda.

Zima data ya roming mapema, ukikaribia Sirari simu inaanza kunasa mnara wa Kenya na bando linaisha hujui limeendaje.

Hatua ya 8: Isebania mpaka mlangoni

Wote tunaendesha kushoto na saa ni ileile, kwa hiyo hakuna la kuzoea. Migori, Rongo, Kisii, Oyugis, Ahero, Kisumu. Kisii mjini kuna foleni na milima, wabebeeni maji wanaotapika. Mwenyeji wenu awatumie lokesheni ya ramani na namba ya simu ya Kenya inayopatikana, sio jina la mtaa tu, na mkibakiza Ahero mpigieni atoke getini.

Mkishashusha, hesabuni mabegi, hati zote za kusafiria zirudi mikononi mwa wenyewe, alafu ndo mlipe ile nusu iliyobaki. Kama mnarudi na gari hiyohiyo, piga picha kibali cha gari na uangalie tarehe ya mwisho iliyoandikwa, dereva asije akaahirisha siku ya kurudi ikapita. Kurudi ni vilevile ila mnageuza: jengo ni la upande wa Sirari, dirisha la Kenya kwanza, la Tanzania baadae, na kadi ya chanjo mkononi.