Namna ya kupata chombo cha tanga unachokimudu

Karibu kila mtu aliyekulia pwani ana jahazi lake la moyoni, lenye mlingoti ulioinama mbele, tanga jeupe lililojaa upepo na yeye mwenyewe akiwa ameshika usukani. Jahazi la namna hiyo likiwa na urefu wa mita 15 huhitaji mabaharia wa kulitweka tanga, tani za farumi (mawe au mizigo ya kukituliza chombo), na fedha za kulihudumia kila mwaka ambazo hurudi tu kama linabeba mizigo au watalii. Ninamwandikia mtu mwenye mshahara wa kawaida au duka dogo, aliye popote kati ya Lamu na Mtwara, anayetaka chombo cha kuvulia siku za mapumziko, kuwapeleka wanawe visiwani na kukirithisha baadaye. Kwa mtu huyo bei ya kununulia si kipimo kizuri. Atazame kwanza mahali atakapokiweka chombo, na mikono atakayokuwa nayo ya kukivuta.

Basi kabla ya kutafuta chombo chochote, nenda kwenye diko (mahali pa kuegesha vyombo pwani) unalokusudia kulitumia wakati wa bamvua (siku za mwezi mchanga au mpevu, maji yanapojaa na kupwa sana), maji yakiwa yamekupwa kabisa. Pwani yetu ina tofauti kubwa kati ya maji kujaa na maji kupwa, na Unguja tofauti hiyo hukaribia mita 4 katika bamvua kubwa, kwa hiyo mahali ulipopaona asubuhi panafaa kutia nanga unaweza kupakuta alasiri ni mchanga na majani ya baharini mpaka kwenye mwamba. Hesabu hatua kutoka mstari wa maji ya juu hadi mahali chombo kitakapokuwa kikielea, kisha jiulize ni watu wangapi watakuwepo saa kumi na moja alfajiri kukusaidia kusukuma. Kama jibu ni wewe na mwanao, umekwishapata ukubwa wa chombo chako. Aidha, mtu anayeishi mbali na pwani ahesabu tangu mwanzo ujira wa mlinzi, kwa sababu chombo kisichoangaliwa hupoteza kamba kwanza, nanga baadaye, na mwishowe tanga.

Kwa mikono miwili au minne, ngalawa ndiyo chaguo langu bila kusita. Ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, lenye urefu wa mita 5 hadi 7, na husimama wima kwa msaada wa mirengu ya pande zote mbili, yaani mbao zinazoelea ubavuni na kukizuia chombo kisipinduke. Haihitaji farumi, huelea katika maji ya magotini, na huenda kwa kasi ambayo humshangaza mgeni. Kasoro zake ni kwamba hulowesha kila aliyemo, haina nafasi ya mizigo, na gogo lake hupasuka kuanzia ncha za mbele na nyuma likiachwa juani bila kivuli. Mwenye familia na wasaidizi watatu au wanne atafute mashua ndogo ya mita 6 au 7, yenye mkuku (uti wa chini wa chombo) na mataruma (mbavu zake za ndani), ambayo hubeba watu na chakula chao na kustahimili mawimbi vizuri zaidi, lakini hudai kalafati (pamba ya kuzibia mianya ya mbao), farumi na watu wa kuivuta. Dau liko katikati, na mahali ambapo bado linaundwa kwa wingi linafaa kufikiriwa.

Kuagiza chombo kipya ni raha isiyo na mfano, na mafundi wa Matondoni katika kisiwa cha Lamu na wa Nungwi kaskazini mwa Unguja bado wanaifanya kazi hiyo kwa tezo (chombo cha kuchongea mbao) na macho, bila mchoro. Anayeagiza akubaliane na fundi kulipa kwa awamu zinazoonekana: mkuku unapolazwa, mbao za ubavu zinapokamilika, na chombo kinaposhuka majini. Aulize pia mbao zimetoka wapi na zimekauka kwa muda gani. Mataruma mazuri huchongwa kutokana na matawi yaliyopinda yenyewe, kwa kuwa nyuzi za mti hufuata mpindo, na taruma lililokatwa kutoka ubao ulionyooka litavunjika pale linapokunjwa. Kama kuna miti ya mikoko katika kazi hiyo, omba kuona kibali, maana Kenya na Tanzania zote hudhibiti ukataji wake.

Wengi wetu, hata hivyo, tutanunua chombo kilichotumika, na hapo ndipo fedha hupotea. Mashua yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya buluu, na mstari mwekundu chini ya ukingo ulikuwa umenyooka kama uzi. Wiki ya tatu, tukipiga bisho (kwenda kinyume cha upepo) kurudi nyumbani, ngama, yaani maji ya ndani ya chombo, ilipanda kwa kasi kuliko tulivyoweza kuifua, na tulifika pwani tukiwa tumekaa ndani ya maji. Tulipoikwangua rangi tulikuta mataruma matatu ya mbele yameoza upande unaogusa mbao, na pengo lake limejazwa putti iliyochanganywa na unga wa mbao. Aliyeniuzia alinijibu kwa upole kwamba hakunificha kitu, kwa kuwa mimi sikuuliza.

Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani, lakini chombo kibovu huwa na dalili, na dalili hizo huonekana kikiwa mchangani. Fika maji yakiwa yamekupwa, ukiwa na fundi wako mwenyewe asiye rafiki wa muuzaji, kisu chenye ncha na ndoo. Bonyeza ncha ya kisu kando ya mkuku, kwenye maungio yake na fashini (nguzo ya nchani mwa mkuku), chini ya kila taruma na kuzunguka misumari. Mti mzima huikataa ncha na kutoa sauti kavu, ilhali mti uliooza huipokea kama muhogo uliochemshwa. Michirizi myeusi inayoshuka kutoka kwenye kichwa cha msumari ni kutu inayokula ndani, na ikiwa michirizi hiyo imeenea ubavu mzima, unanunua kazi ya kung'oa na kupigilia upya. Tafuta pia matundu madogo ya mviringo chini ya mstari wa maji, ambayo ni milango ya mdudu wa baharini anayetoboa mbao, kwani nje huacha tundu la kichwa cha sindano na ndani huchimba njia ya unene wa kidole. Mwisho, mwaga ndoo tatu au nne za maji ndani ya chombo, kisha toka nje uinamie ubavu. Popote tone litakapojitokeza, ndipo bahari itakapoingilia. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekujibu.

Katika ngalawa ukaguzi ni mfupi zaidi. Tazama nyufa za nchani, viraka vya bati vilivyopakwa lami, na kamba zinazofunga mirengu, ambazo hubadilishwa kwa gharama ndogo na kwa hiyo zisikutishe.

Usitumie fedha zote kwenye mwili wa chombo. Mimi hutenga theluthi moja kwa ajili ya tanga, kamba, nanga na matengenezo ya mwanzo, na sijawahi kubaki na chenji. Tanga la pamba bado hushonwa kwa kitambaa tunachokiita merekani, jina lililotokana na pamba iliyoletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19. Hushika upepo vizuri na hushoneka kwa mkono, lakini likikunjwa likiwa bichi litaoza, basi lianikwe kila mara. Maturubai ya plastiki ni rahisi kwa bei, ila hunyooka vibaya na kuchanika ghafla. Foromali, mti unaobeba tanga, nayo ikaguliwe pale vipande vyake viwili vinapofungwa pamoja, kwa sababu hapo ndipo huvunjika, na henza, kamba ya kuitweka, iwe mpya hata kama kila kitu kingine ni cha zamani.

Matengenezo ya chombo cha mbao hugharimu siku nyingi kuliko fedha. Mara kadhaa kwa mwaka mashua hupandishwa, hukwanguliwa majani na chaza, na tumbo lake huchomwa kwa makuti makavu ili kuua wadudu. Kisha mianya hujazwa kalafati ya pamba iliyoloweshwa mafuta, na chini hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Anayejifunza kazi hii kwa fundi wake msimu mmoja ataokoa ujira wa miaka yote inayofuata. Kuhusu hati, Tanzania Bara nenda Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), Zanzibar nenda Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya nenda Mamlaka ya Usafiri wa Baharini ya nchi hiyo. Ukikusudia kuvua, ongeza ofisi ya uvuvi ya eneo lako, na uhakikishe jina lililo kwenye hati za zamani ni la mtu unayempa fedha.

Mashua iliyokaa nchi kavu kwa muda mrefu itavuja siku ya kwanza hata ikiwa nzima, kwa sababu mbao zimesinyaa. Iache kwenye maji mafupi siku mbili tatu, ijae na kutoka maji, mpaka mbao zivimbe na kuubana uzi wa pamba, ndipo uhukumu. Kwa safari za mwanzo chagua miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, uyaepuke makali ya kusi ya Juni hadi Agosti mpaka uwe umezoea kukisi tanga (kuligeuza kufuata upepo) bila kupigiwa kelele. Ondoka kwa kupanda upepo, ili ukichoka upepo huo huo ukurudishe nyumbani, na uwe na makasia mawili, jaketi okozi kwa kila mtu, na upo wa kufulia maji uliofungwa kwa kamba kwenye taruma, kwani usipofungwa huwa wa kwanza kuanguka baharini.